Diski ya «Mythodea»: namna ya kuisikiliza

Siku moja ya posho, mangaribi, mashine ya umeme ya seminari ikiwa bado na mafuta ya saa mbili, niliita wanafunzi kumi na wawili katika chumba cha kusomea tusikilize diski moja. Niliwaambia: huu ni muziki wa orkestra, wa korali na wa vinanda vya umeme, utadumu karibu saa nzima, tusiseme neno mpaka utakapokwisha. Kusikia neno orkestra, wawili walianza kuchekelea na kutikisa mabega. Sikuwalaumu. Kwetu orkestra ni gitari tatu, ngoma, tarumbeta na mtu wa kuimba mapenzi. OK Jazz ilikuwa orkestra, na wazee wetu wangali wanasikiliza nyimbo zake. Lakini katika diski hii neno hilo lina maana yake ya zamani: kundi kubwa la violoni, vinubi, tarumbeta, filimbi na ngoma za shaba, na mbele yao kiongozi mmoja mwenye fimbo.

Diski yenyewe inaitwa «Mythodea». Aliyeitunga ni Mgiriki, ambaye watu wanamjua kwa jina la Vangelis. Jina lake la ubatizo ni Evangelos, nanyi wanafunzi wa Kigiriki mnatambua mara moja kwamba ndani yake mna neno Injili. Alizaliwa mwaka wa 1943 karibu na mji wa Volos, akafa katika mji wa Paris mwaka wa 2022. Alipokuwa kijana alikuwa katika kundi moja la muziki, Aphrodite's Child, ambalo mwaka wa 1972 lilitoa diski mbili pamoja, zenye jina la «666», juu ya kitabu cha Ufunuo wa Yoane. Sitaki kuwapa hiyo kama masomo ya Biblia, hasha. Lakini inaonyesha kwamba tangu mwanzo mtu huyo hakupenda kutunga vijimbo vya dakika tatu tatu. Alitaka diski nzima iwe kitu kimoja. Baadaye dunia yote ilimjua kwa sababu ya muziki wa sinema «Chariots of Fire», inayosimulia habari za Eric Liddell, mkimbiaji Mprotestanti wa Scotland aliyekataa kukimbia siku ya Mungu katika michezo ya Paris ya mwaka wa 1924. Kwa muziki huo alipewa zawadi ya Oscar mwaka wa 1982.

Jambo moja litawashangaza wale wanaohangaika na solfezi kila juma: Vangelis hakuandika noti, wala hakuzisoma. Aliketi mbele ya vinanda vyake, vidole vikaanza kutafuta, na mashine ikakamata kila sauti. Ikitakiwa orkestra ipige muziki wake, basi watu wengine walipaswa kuuweka katika karatasi. Msicheke. Misa Luba, iliyozaliwa Kamina mwaka wa 1958 kwa mkono wa Padri Guido Haazen, Mfransiskani, pamoja na walimu na vijana wa «Troubadours du Roi Baudouin», haikuanza na karatasi pia. Waimbaji walijua njia, wakajua mahali pa kuitikia, na ndani ya njia hiyo walibuni wenyewe. Karatasi ilifuata nyuma, nayo ilichoka.

«Mythodea» ilipigwa mara ya kwanza mwaka wa 1993 katika Atene, kisha ikanyamaza miaka minane. Mwaka wa 2001 Wamarekani wa NASA walikuwa wakituma chombo kwenye sayari ya Mars, ile ambayo vitabu vya pwani vinaiita Mirihi. Chombo hicho, Mars Odyssey, kiliondoka duniani tarehe 7 Aprili 2001. Muziki wa Vangelis ulichukuliwa uwe muziki wa safari hiyo, ukapigwa upya kwa ukubwa zaidi. Usiku wa tarehe 28 Juni 2001 ulipigwa mbele ya watu katika Atene, kati ya nguzo za hekalu la Zeus wa Olimpo. Kulikuwa na London Metropolitan Orchestra, ikiongozwa na Blake Neely. Kulikuwa na korali ya Opera ya taifa la Ugiriki. Waimbaji wanawake wawili weusi wa Marekani, Kathleen Battle na Jessye Norman. Na Vangelis mwenyewe kati ya vinanda vyake vya umeme. Chombo kilifika na kuanza kuzunguka Mars tarehe 24 Oktoba ya mwaka ule ule, na diski ilitolewa siku zile zile. Mwaka uliofuata wenye elimu walitangaza kwamba kimeona alama za maji mengi yaliyogandishwa chini ya udongo wa Mars.

Juu ya hekalu lile, neno moja la pembeni. Lilianzishwa karne ya sita mbele ya Kristu, likaachwa, likarudiwa, likaachwa tena, mpaka mfalme Hadriano wa Roma alipolimaliza karibu mwaka wa 131. Kumbe Mtakatifu Paulo alipopita Atene na kuhubiri kwenye Areopago, alikuta pale nguzo za jengo lisilokwisha. Zilikusudiwa kuwa 104. Leo zinasimama 15, na moja imelala chini tangu upepo wa mwaka wa 1852. Wanafunzi wangu walipenda habari hii kuliko zote.

Sasa, namna ya kusikiliza. Muziki huu ni wa vyombo zaidi kuliko wa maneno. Kuna utangulizi mfupi na miendo kumi, nayo haina majina, ni hesabu tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi. Kwa hiyo hakuna hadithi iliyoandikwa ya kufuata, na anayengojea kuambiwa «hapa chombo kinaruka, hapa kinafika» atangoja bure. Korali inaimba, waimbaji wawili wanaimba, na msikilizaji wa kwetu hafahamu neno hata moja. Hakosi kitu kikubwa. Sauti za watu zimewekwa pale kama chombo kati ya vyombo. Seminari inatufundisha kuogopa wimbo usio na maneno, nasi tunasahau Aleluya yetu ya kigregoriani, inayonyosha silabi moja juu ya noti ishirini na zaidi. Mtakatifu Augustino, akieleza Zaburi ya 32, anasema habari za wavunaji wanaoanza na maneno, kisha furaha inawajaa, maneno hayatoshi tena, wanayaacha na kubaki na sauti tupu. Mama zetu wanaopiga vigelegele hawakuhitaji Augustino awafundishe hilo.

Mara ya kwanza, basi, usitafute kufahamu. Angalia tu nani anaingia na nani anatoka. Mwanzo ni ngoma na uzito. Katika mwendo wa kwanza kuna mapigo kama ya watu wengi wanaotembea pamoja, na korali inakuja juu yao kama ukuta. Vijana wengi wanaupenda mwendo huo, nao wanataka kuurudia. Mimi ninaona ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko mbele, hasa katika mwendo wa nne, ulio mrefu kuliko yote, zaidi ya dakika kumi na tatu. Pale makelele yanapungua, na wanawake wale wawili wanapewa nafasi. Sauti ya Battle ni nyembamba na nyepesi, inapanda bila kukanyaga ngazi. Sauti ya Norman ni pana, ina giza chini yake, kama maji ya ziwa mahali penye kina. Ukisikiliza vizuri, utaweza kuzitenganisha hata zinapoimba pamoja, ijapokuwa zote mbili zinaitwa soprano. Norman alifariki mwaka wa 2019. Diski imetubakizia pumzi yake.

Mara ya pili, sikiliza kilicho chini. Hapo ndipo penye kinanda cha umeme, nacho ni vigumu kukikamata kwa sababu mara nyingi kinajificha nyuma ya violoni. Kinafanya nini? Lazima tueleze kidogo mashine hiyo, maana katika parokia zetu kila mtu anayo na wachache wanaijua.

Violoni inatoa sauti kwa uzi unaotetemeka. Filimbi inatoa sauti kwa hewa inayotetemeka. Kinanda cha umeme hakina uzi wala hewa. Ndani yake umeme wenyewe unatetemeshwa. Ukitetemeshwa mara 440 kwa sekunde moja, na ukipelekwa kwenye kipaza sauti, tunasikia ile «la» ambayo orkestra nyingi zinaitumia kwa kulinganisha vyombo. Sauti hiyo ya kwanza ni mbaya, kama ya nyuki katika kopo. Kisha inapitishwa katika kichujio, kinachopunguza ukali na kubakiza ulaini, kama vile mama anavyochuja unga. Kisha fundi anaamua namna sauti itakavyozaliwa na namna itakavyokufa: ipige ghafula kama ngoma, ama ije polepole kama mtu anayekaribia kutoka mbali. Mmarekani Robert Moog alionyesha mashine yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka wa 1964. Mwaka wa 1968 Wendy Carlos alipiga nayo nyimbo za Bach, na diski yake ikauzwa zaidi ya milioni moja. Vangelis alipenda zaidi kinanda kimoja cha Yamaha kilichoitwa CS-80, kilichotolewa katika miaka ya 1970, chenye uzito wa zaidi ya kilo 80. Sababu ya kukipenda ni nzuri: kila ufunguo ulisikia kidole. Ukikandamiza zaidi, sauti ilibadilika kidogo, noti moja bila kugusa noti jirani. Kwa hiyo mashine ilianza kufanana na mtu anayeimba.

Kufanana, nimesema.

Hapa ndipo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, ambaye kwa kawaida hasemi, aliinua mkono baada ya diski kukwisha. «Padri,» akasema, «ikiwa mashine yake inaweza kutoa sauti ya korali, aliita watu kwa nini? Watu wanakula, wanataka tikiti za ndege, wanachelewa.» Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa na mzaha. Nami niliacha mambo mengine yote niliyotayarisha, kwa kuwa swali lake lilikuwa bora.

Tena lilinigusa, maana nilikuwa nimetoka katika sikukuu ya parokia moja ambayo sitaitaja. Waamini walikuwa wamechanga mwaka mzima wakanunua kinanda kipya. Mwalimu wa korali, kijana mwenye bidii, alikuwa amegundua kifungo cha «sauti za watu». Utukufu ulipoanzishwa, akakibonyeza, na kanisa likajaa «aaa» kubwa, tamu, isiyo na mwisho, na chini yake ngoma ya mashine. Korali yake ilijitahidi kwa beti mbili. Mama wazee wa viti vya mbele, wale wanaoimba kwa nguvu tangu kabla mimi kuzaliwa, walifunga midomo. Baada ya Misa nilimwuliza mmoja wao, Mama, mbona leo hukuimba? Akajibu: «Baba Padri, niliona nafasi imekwisha kujazwa.»

Basi nilimjibu mwanafunzi hivi. Kwanza, fahamu ile «aaa» ya mashine ni kitu gani. Wafundi waliwaita watu, wakawaomba waimbe «a» kwa muda mfupi, wakaikamata sauti ile, wakaikata, wakaifunga kichwa na mkia ili izunguke bila kukoma. Zamani ilikuwa wazi zaidi: kinanda cha Mellotron, kilichotengenezwa Uingereza tangu mwaka wa 1963, kilikuwa na utepe chini ya kila ufunguo, na juu ya utepe huo sauti halisi za violoni ama za waimbaji. Utepe ulidumu karibu sekunde 8. Ukiendelea kubonyeza, sauti ilikatika, ikakubidi uinue kidole uanze upya. Mashine ile walau haikudanganya: iliishiwa pumzi. Za siku hizi haziishiwi. Kwa hiyo unapobonyeza kifungo unasikia watu, ndiyo, lakini unasikia pumzi yao moja tu, ile ile, mara elfu.

Pili, korali ya watu hai haiko pamoja kamwe, na uzuri wake unatoka hapo. Weka waimbaji wawili juu ya «la»: mmoja ataimba 440, mwingine 442, na masikio yako yatasikia mawimbi mawili kila sekunde, kama sauti inayochezacheza. Weka waimbaji arobaini, kila mmoja na tofauti yake ndogo, mmoja anapumua sasa, mwingine baada ya nusu sekunde, mmoja analainisha «s» na mwingine anaipiga: mawimbi hayo madogo yanachanganyika, na tunasema, tazama upana wa sauti. Wafundi wa mashine wanajua siri hiyo. Wanavuruga sauti yao makusudi, wanaikosesha kidogo, ili ifanane na kosa letu. Lakini kosa la kupimwa si sawasawa na kosa la kuishi.

Tatu, na hili ndilo Vangelis alilifahamu kuliko watu wengi: mtu aliyekuwa na mashine zote, na aliyezijua kama mkulima anavyojua jembe lake, ndiye aliyeendelea kutafuta watu. Mwaka wa 1975, katika diski yake juu ya mbingu na moto wa milele, «Heaven and Hell», alipiga karibu vyombo vyote peke yake, lakini kwa korali alikwenda kuwaita English Chamber Choir wa London. Mwaka wa 1998, kwa diski ya mchoraji El Greco, alimwita Montserrat Caballé. Mwaka wa 2001 aliwaita hao tuliowataja. Kinanda alikitumia kama mchanga chini ya nyumba: kinaendelea pale violoni zinapopumzika, kinatoa sauti za chini kabisa ambazo mwimbaji hawezi kuzifikia, kinaunganisha mwendo na mwendo. Lakini mahali panapotakiwa mtu, aliweka mtu.

Simaanishi kwamba alifaulu kila mahali. Nisipolisema hili nitawadanganya. Kuna kurasa za «Mythodea» ambamo kinanda kinafanya kazi ile ile ya violoni, juu yao kabisa, na violoni halisi zinapotea kama sukari katika maji. Kuna mahali ngoma zinarudi mara nyingi kuliko lazima, na unahisi kwamba mtunzi anataka nguzo za Zeus zitetemeke. Katika miendo ya mwisho mimi hutamani mtu mmoja afunge mlango. Muziki ulioumbwa kwa uwanja na kwa televisheni una ugonjwa wake: unaogopa kimya.

Mwingine akauliza kama tunaweza kuutia katika Misa, baada ya Komunyo, walau mwendo mmoja mtulivu. Nilikataa, tena si kwa sababu ya hekalu la Zeus. Maagizo ya Roma ya tarehe 3 Septemba 1958 juu ya muziki mtakatifu yalikataza kabisa fonografu, radio na mashine za kukamata sauti katika ibada, hata zikitoa wimbo mtakatifu, hata zikitaka tu kusaidia korali. Maagizo yale yale yalivumilia organi ya umeme kwa wale wasio na uwezo wa kununua ile ya mirija. Wengi wanaona ajabu: umeme huu unakubaliwa, umeme ule unakataliwa! Lakini tofauti ni wazi. Penye organi ya umeme kuna mtu aliyeketi, anayepiga sasa, anayeweza kukosa, anayengoja waamini wakichelewa. Penye diski hakuna mtu. Sadaka ile ilikwisha kutolewa mahali pengine, siku nyingine. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika maandiko yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya Liturgia, ulifungulia milango vyombo vingine vinavyofaa, na ngoma zetu ziliingia kwa furaha. Haukufungua mlango ili mama wa viti vya mbele anyamazishwe.

Nje ya Misa, diski hii ina kazi nyingi. Katekista anaweza kuitumia kwa kufundisha vijana kukaa kimya saa nzima, jambo ambalo siku hizi ni karibu mwujiza. Mwalimu wa korali ataitumia kwa kufundisha sikio: nyamazisha kila kitu, cheza dakika mbili, kisha uliza, umesikia vyombo vingapi? Nani alipumua? Ilikuwa watu ama mashine? Tulifanya hivyo juma lililofuata. Mara ya kwanza walikosa karibu wote; walidhani korali ni kinanda, na kinanda ni violoni. Mara ya nne yule mwanafunzi asiyesema aliinua kidole kabla ya soprano kuanza, akasema kwamba amesikia pumzi ikivutwa. Turudisha nyuma, tukasikiliza tena. Ilikuwa kweli.

Kinanda cha kapela yetu kina kifungo cha sauti za watu, kama vyote. Wanafunzi wamekifunika kwa kipande cha plasta, na siku ya Mungu iliyopita mmoja wao alipiga organi tupu, polepole, akingoja mwisho wa kila mstari mpaka kanisa zima livute pumzi. Utukufu ulichukua dakika moja na nusu zaidi ya kawaida. Padri Rektori alitazama saa yake mara mbili, lakini hakusema kitu.